Jiwe la Mwadui na Amri za London

Oktoba 1947, mgodi wa Mwadui huko Shinyanga, Tanganyika, ulitoa almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5. Mwenye mgodi, John Williamson, mjiolojia wa Kanada aliyevumbua almasi hapo mwaka 1940, akaitoa zawadi ya harusi kwa Binti Mfalme Elizabeth, aliyeolewa mwezi uliofuata. London waliichonga ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 ikatiwa katikati ya pini ya kifuani yenye umbo la ua.

Cha ajabu, kisheria ardhi iliyotoa jiwe hilo haikuwa mali ya Uingereza.

Tanganyika haikuwa koloni kama Kenya. Ujerumani iliposhindwa katika Vita Kuu ya Kwanza, nchi hii iliwekwa mikononi mwa Uingereza kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, mwaka 1922. Baada ya vita vya pili, mwaka 1946, ikawa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Gavana alitoka London, na sera kubwa zilitoka London, lakini London nayo ilitakiwa kupeleka taarifa kila mwaka, kwanza Geneva, kisha New York. Mlezi wa yatima hukaa na funguo za ghala. Siku ya kikao cha ukoo huulizwa mali iko wapi.

Mkulima wa Shinyanga hakuwajua hao wa New York waliopokea taarifa. Aliowajua ni mkuu wa wilaya aliyeitwa Bwana Shauri, mtemi wake na bwana shamba. Mwaka 1947 ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, yaani nchi ya Wasukuma ambamo Shinyanga imo, kwa fedha za Uingereza za kuendeleza makoloni, hao ndio walioufikisha kijijini. Hesabu ya wataalamu ilikuwa hivi: katikati ya Usukuma watu na mifugo wamezidi, udongo unachoka, basi yachimbwe malambo, vichaka vyenye mbung'o vifyekwe, na watu wahamie Geita ambako ardhi bado ipo. Malambo yalipokelewa vizuri. Nani atakataa maji?

Ugomvi ulikuwa kwenye amri zilizofuatana nayo. Lima kwa matuta. Punguza ng'ombe kila mwaka. Lipa kodi ya ng'ombe. Aliyekaidi alitozwa faini au alifungwa. Kwa Msukuma ng'ombe ni mahari, ni akiba ya mwaka wa njaa, ni heshima ya mji wake. Kumwambia auze kwa sababu kitabu kinasema malisho hayatoshi ni kumwambia afilisike kwa hiari. Waliotunga amri waliujua udongo. Zizi hawakulijua.

Je, mwananchi alikuwa na msemaji? Baraza la Kutunga Sheria liliundwa mwaka 1926, na Waafrika wawili wa kwanza waliingia mwaka 1945: Mangi Abdiel Shangali wa Kilimanjaro na Mtemi Kidaha Makwaia wa Shinyanga. Wote waliteuliwa na gavana, hawakupigiwa kura. Kidaha alikuwa msomi wa Makerere, na serikali ilimwamini, lakini mtemi wa zama zile alikula mshahara wa serikali ileile iliyomwagiza akahesabu ng'ombe wa watu wake. Nafasi hiyo haikuwa na raha.

Hapo ndipo udhamini, uliokuwa karatasi tu, ulipopata kazi. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliozuru Tanganyika mwaka 1954 ulipendekeza uhuru ndani ya miaka 20 hadi 25, na London haikufurahi. Machi 1955 Julius Nyerere alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini akaeleza madai ya chama chake, TANU. Jirani zetu wa Kenya hawakuwa na mlango huo. Usukumani, hata hivyo, TANU ilikuwa imezuiwa tangu 1954, na kwa miaka kadhaa siasa zilipita katika vyama vya ushirika vya pamba, vilivyounganishwa na Paul Bomani na wenzake.

Mwaka 1958 Geita ikachemka. Serikali ilitaka wilaya iwe na baraza la rangi tatu, Wazungu na Waasia wakae na Waafrika, ilhali wakazi wa Geita karibu wote walikuwa Waafrika. Watu waliongezea hapo uchungu wa ng'ombe na matuta, wakaenda kwa maelfu hadi Mwanza kudai haki. Walirushiwa mabomu ya machozi, lakini baraza lile likafutwa. Mwaka huohuo Williamson alifariki, na mgodi wa Mwadui ukanunuliwa nusu kwa nusu na De Beers na serikali ya Tanganyika.

Si kila nchi iliyotawaliwa kutoka mbali ilifuata njia hii. Bermuda na Gibraltar bado zina gavana wa Uingereza. Mayotte, jirani ya Komoro, ilipiga kura kubaki na Ufaransa, na tangu 2011 ni idara kamili yenye wabunge wake Paris. Tanganyika haikuwahi kuwa na mbunge hata mmoja London.

Udhamini ulikoma tarehe 9 Desemba 1961, miaka saba tu baada ya ujumbe ule kutaja 20 au 25. Jiwe la waridi halikurudi: Malkia Elizabeth alilivaa mwaka 1981, siku mwanawe Charles alipooa.