Unataka Kung'arisha Meno? Usisahau Jino Uliloziba!



Kila msimu wa harusi na safari za nyumbani ukikaribia, akina dada (na akina kaka pia!) hapa Uingereza huniuliza: "Nesi, nina jino niliziba kwa madini zamani kule nyumbani, naweza kung'arisha meno?" Unaweza, lakini muone daktari wa meno kwanza.

Kizibo hicho cha rangi ya fedha karibu nusu yake ni zebaki, na kilichobaki ni fedha, bati na shaba. Dawa ya kung'arisha ni peroksaidi ya haidrojeni, ile ile tunayoijua kwenye kusafisha vidonda. Inaingia ndani ya jino na kuvunja madoa, lakini madini haiyabadilishi rangi. Meno yakiwa meupe, kizibo kinabaki vile vile, na pengine kitaonekana zaidi kuliko mwanzo.

Zingatia haya:

1. Vipimo vya maabara vimeonyesha kuwa dawa hii ikigusa kizibo, zebaki hutoka zaidi. Kiasi ni kidogo, lakini usizidishe muda ulioelekezwa. Mama mjamzito au anayenyonyesha asubiri.

2. Kizibo cha zamani kilichopasuka au kuachia pembeni hupitisha dawa hadi kwenye neva. Meno kushtuka kwa baridi siku chache ni kawaida. Maumivu yasiyokwisha si kawaida, rudi kwa daktari.

3. Mara chache, ukingo wa jino unaozunguka kizibo hugeuka kijani.

Je, ukitoe kabisa? Usikimbilie! Kukichimba ndiko kunakotoa mvuke mwingi wa zebaki. Kama kinaonekana ukicheka, ng'arisha kwanza, subiri kama wiki mbili, kisha daktari aweke cheupe kinacholingana na rangi mpya.

Na hapa Uingereza, saluni kung'arisha meno ni kosa la jinai. Kazi hii ni ya daktari wa meno, au mtaalamu wa meno aliyesajiliwa akifuata maelekezo ya daktari. Tangu 2012 dawa haitakiwi kuzidi asilimia 6, wala haipewi mtu wa chini ya miaka 18. Kwa hiyo mtu akikuahidi meno meupe kwa bei poa sebuleni kwake, mwulize namba yake ya usajili.

Tabasamu zuri ni lile lisilo na maumivu. Majuto ni mjukuu!