Bustani ya Jikoni Wakati wa Masika

Katika nyanda za juu za Kenya, kama Kiambu na Nyeri, masika huanza mwezi wa Machi, lakini mahindi mapya yangali mbali. Hapo ndipo mboga za karibu na jiko huwalisha watoto. Mchicha huchumwa baada ya majuma manne hivi.

Adui mkubwa ni ule ukungu unaotia madoa meusi majani ya nyanya na viazi. Hupenda baridi na majani yenye maji, nao waweza kuteketeza bustani kwa siku chache. Ndio ulioharibu viazi vya Ireland mwaka 1845. Dawa yake ya zamani, iliyotangazwa Ufaransa mwaka 1885, ni mrututu na chokaa: gramu 100 za kila kimoja kwa lita 10 za maji. Koroga katika ndoo ya plastiki, kwani mrututu hula chuma. Nyunyiza mapema, majani yakiisha kuoza, ni kazi bure.

Stroberi zahitaji majani makavu chini ya matunda, yasiguse tope. Vikonyo vinavyotambaa vikatwe, ila vya kupanda. Tena msomaji atege wavu kabla matunda hayajawa mekundu, maana ndege huamka mapema kuliko mwenye shamba.