Tuta Kwanza, Samaki Baadaye

Ploti ya futi 50 kwa 100 ikishajengwa nyumba na kuachiwa gari nafasi, kinachobaki Ruiru au Thika ni kipande cha uwanja kisichotosha shamba. Hapo ndipo akwaponiki inapowavutia watu: tangi la samaki, na kando yake tuta, yaani sanduku lisilovuja lililojaa kokoto na mboga. Pampu inapeleka maji ya samaki kwenye tuta, nayo yanarudi tangini yakiwa safi. Swali ninaloulizwa kwanza huwa ni lile lile: tangi hili litaingia samaki wangapi?

Nawaelewa. Kuanzia 2009 serikali ilichimba mabwawa ya samaki sehemu nyingi za nchi chini ya mpango wa kuchochea uchumi, na kwenye bwawa mtu hupima maji kisha akahesabu vifaranga. Kwenye akwaponiki kinachopimwa ni tuta, kwa sababu ndilo figo la mfumo mzima.

Samaki hutoa amonia, hasa kupitia matamvua, na ikirundikana inawaua. Bakteria wanaoishi juu ya mawe huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, mbolea ambayo sukuma wiki inaipenda. Hakuna haja ya kuwatafuta bakteria hao kwenye agroveti. Huja wenyewe wakipata jiwe lenye unyevu, hewa, chembe ya amonia na muda: wiki tatu hadi tano kukiwa na joto, zaidi kukiwa na baridi.

Sasa tupige hesabu. Mboga za majani huhitaji takriban gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kwa siku kwa kila mita ya mraba ya tuta; nyanya na hoho huhitaji 50 hadi 80. Tuta la mita 2 kwa 1 lenye sukuma na dania, basi, linamudu kama gramu 100. Tilapia anayekua hula asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake kwa siku. Tukichukua 2, gramu 100 ni chakula cha kilo 5 za samaki, yaani samaki 20 wa robo kilo. Ishirini tu! Aliyenunua vifaranga 200 kwa sababu bei ilikuwa nzuri ataona maji safi miezi ya mwanzo, kisha ataanza kuokota mizoga asubuhi na kumlaumu aliyemuuzia.

Tuta hilo likiwa na kina cha sentimita 30, maji ya kulijaza katikati ya mawe ni kama lita 200. Tangi la lita 500 likitoa kiasi hicho kwa mkupuo, samaki wanabaki wakigusana migongo. Tangi jeupe la lita 1,000 lenye fremu ya chuma linafaa zaidi. Kama limekwishatumika, uliza lilibeba nini. Lililobeba kemikali usilichukue hata ukipewa bure.

Kokoto ya nusu inchi hadi robo tatu inatosha. Ioshe mpaka maji yatoke meupe, maana vumbi la machimbo huziba kila kitu. Dondoshea siki kwenye mawe machache: yakitoa povu yana chokaa, na yatapandisha pH kuliko mimea inavyotaka. Mawe ya huku kwetu mengi ni ya volkeno, hivyo hatari ni ndogo. Mombasa, penye mawe ya matumbawe, ningeogopa zaidi.

Kinachosahaulika ni uzito. Tuta letu likijaa mawe na maji linapita tani moja. Usiliweke kwenye roshani ya nyumba ya kupanga, tafadhali. Na kwa walio upande wa Juja Farm, kwenye udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, stendi ya mbao itainama msimu wa kwanza, maji yasimame kona moja na mizizi ya hapo ioze. Chimba hadi penye udongo mgumu au mwaga zege kwanza.

Maji lazima yajae na kutoka, ili mizizi na bakteria wavute hewa. Mafundi wengi hupenda sifoni ya kengele: bomba la inchi moja limesimama katikati, limefunikwa na bomba pana lenye kofia juu na mikato chini, na yote mawili yamezungushiwa bomba kubwa lenye matundu la kuzuia kokoto. Ni kitu kizuri, ila kina madeko. Maji yakiingia polepole yanachuruzika tu, sifoni haianzi; yakiingia kwa kasi, haikatiki. Anayeanza namshauri achukue saa ya kuwasha pampu dakika 15 kila saa, na bomba la kusimama lenye tundu dogo chini. Stima ikipotea, tuta linajimwaga lenyewe. Samaki ndio watakaohitaji pampu ya hewa ya betri, isipokuwa kambare, ambaye huvuta hewa juu ya maji.

Urefu wa bomba la kusimama uache sentimita 5 za juu zikiwa kavu siku zote, la sivyo mwani utatanda. Chini weka nyungunyungu wekundu wachache wale mabaki. Vidukari wakivamia sukuma, usinyunyize dawa wala sabuni, na ule mkono wa jivu tuliozoea uache: jivu hupandisha pH kwa ghafla. Wapige kwa maji matupu, uchume majani ya chini.

Julai ndiyo mtihani. Mawingu hutanda siku nzima, usiku huwa na baridi, na kila maji yanapopita kwenye mawe yanapoa zaidi. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20 tilapia hula kidogo na bakteria nao hulegea. Punguza chakula, punguza mizunguko ya pampu usiku, hewa iendelee. Ndiyo maana napendelea tuta lijengwe Agosti, vifaranga viingie Oktoba bakteria wakiwa tayari, na samaki wakubwa wavuliwe kufikia Juni, ili tuta lililopoa lisibebeshwe mzigo wao wote.