Lori la Chama Linapochemsha: Chanzo na Tiba Yake

Msimu wa mavuno ndio wakati ambao lori la chama hubeba mzigo mkubwa kuliko wakati mwingine wowote, nao ndio wakati ambao injini huchemsha zaidi. Lori ni mali ya wanachama wote. Injini ikifa katikati ya msimu, mazao hulala ghalani, na gharama ya matengenezo hutoka katika fedha ambazo wakulima wangelipwa. Kwa hiyo yafaa kila katibu, hata asiyejua kuendesha, auelewe ugonjwa huu.

Pampu huyazungusha maji kutoka kwenye injini hadi kwenye rejeta, ambako hupozwa na upepo wa feni. Mfuniko wa rejeta huyaweka maji hayo chini ya shinikizo ili yasichemke mapema. Jambo hili lawahusu hasa ndugu zetu wa milimani: kwenye mwinuko wa mita 1,500, maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 95 za Selsiasi badala ya 100. Mfuniko ambao mpira wake umechakaa ni kitu cha bei ndogo, lakini waweza kuangamiza injini nzima.

Hatua za kwanza njiani

1. Mshale wa joto ukipanda kupita kiasi, dereva asimame mahali salama na kuzima injini.
2. Asifungue mfuniko wakati injini ni ya moto. Maji hufumka kwa nguvu na kuunguza uso na mikono. Angoje nusu saa au zaidi, kisha aufungue polepole kwa kitambaa kinene.
3. Asimimine maji baridi katika injini ya moto, kwani chuma chaweza kupasuka.

Kutafuta chanzo

Maji yakiwa yamepungua, kagueni mipira, rejeta na pampu mwone panapovuja. Maji yakiwa kamili, tazameni mkanda wa feni kama umelegea au umekatika. Gari likichemsha linapokwenda polepole, lakini likapoa liendapo kwa kasi, shukuni feni. Likichemsha hata kwa kasi, huenda rejeta imeziba kwa kutu ndani, au kwa makapi na vumbi nje. Injini ikiwa ya moto sana na mpira wa chini wa rejeta ukabaki baridi, yamkini themostati imekwama. Ibadilishwe, isitupwe na pengo kuachwa wazi.

Oili ikigeuka rangi ya maziwa, au mapovu yakitoka mfululizo ndani ya rejeta, gasketi ya silinda hedi imeungua. Lori lisiendeshwe tena mpaka fundi alione.

Wajibu wa katibu

Katika daftari la gari, kila asubuhi kabla injini haijawashwa, iandikwe kiasi cha maji yaliyoongezwa. Rejeta nzima haihitaji kujazwa kila siku. Daftari likionyesha lita moja leo na lita mbili kesho, uvujaji umekwisha kujitangaza, na fundi aweza kuitwa lori likiwa bado uani. Tumieni maji safi, yasiyo ya chumvi, pamoja na dawa ya kuzuia kutu aliyoagiza mtengenezaji wa gari.

Halmashauri zinashauriwa kulikagua daftari hilo katika kila kikao, kama zinavyokagua hesabu za fedha.