Joto la Pwani na Baruti Iliyozeeka

Usiku wa Februari 16, 2011, mabomu yaliyohifadhiwa katika kambi ya jeshi ya Gongo la Mboto, Dar es Salaam, yalilipuka na kuua zaidi ya watu 20. Chini ya miaka miwili kabla ya hapo, Aprili 29, 2009, ghala la silaha la Mbagala, jijini humo humo, lilikuwa limelipuka na kuua zaidi ya 20 vilevile. Mara zote mbili, makombora kadhaa yalirushwa mbali na kuangukia mitaani bila kulipuka. Gongo la Mboto iko kwenye barabara iendayo Kisarawe, hivyo maafa yale yanatuhusu sisi wa Pwani, kuanzia Kisarawe hadi Dutumi huko Kibaha Vijijini. Kombora lililoanguka kwa kishindo na kunyamaza linaweza kulipuka siku nyingine kwa kugongwa kidogo tu. Huenda kiwashio chake kimeharibika kikabaki tayari kufyatuka. Lakini ipo sababu nyingine isiyozungumzwa sana, nayo ni joto.

Kitu cha kulipuka kikigongwa, nguvu ya pigo haienei sawasawa. Hujikusanya kwenye vidoa vidogo mno: pale chembe zinaposuguana, au pale kiputo cha hewa kinapobanwa ghafla. Vidoa hivyo hupata joto la mamia ya nyuzi kwa kufumba na kufumbua. Vikiwa na joto la kutosha, moto huanzia hapo na kusambaa. Vikipoa mapema, hakuna kinachotokea. Sasa, kama maji yaliyokwisha kupashwa yanavyohitaji kuni chache ili yachemke, ndivyo baruti yenye joto inavyohitaji pigo dogo zaidi kufikia kiwango cha kuwaka.

Hata hivyo, uhusiano huu haunyooki siku zote. Chukua mchanganyiko wa poda ya alumini na plastiki ya Teflon. Unapokaa tu hauwaki, lakini ukigongwa kwa nguvu nyingi huwaka. Fuwele za Teflon hubadili mpangilio wake katika nyuzi 19 za Selsiasi, kisha tena katika nyuzi 30, na plastiki hiyo huwa ngumu zaidi kupasuka kadiri inavyopata joto. Kitu kinachopasuka kwa urahisi na kile kinachojikunja kinapopigwa havipokei pigo kwa namna moja. Kwa hiyo joto huivuta michanganyiko ya aina hii pande mbili: huisogeza karibu na kuwaka, na papo hapo hubadili namna inavyovunjika. Hapa Pwani, usiku wa Julai hukaribia nyuzi 19 na mchana wa Februari hupita 30. Ndiyo maana maabara makini hudondosha nyundo ya majaribio juu ya sampuli za baridi na za moto. Kipimo cha joto moja hakitoshi.

Hatari kubwa zaidi huja polepole. Baruti isiyo na moshi, iliyobuniwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, huoza yenyewe kidogo kidogo na kutoa gesi za naitrojeni. Gesi hizo zikibaki ndani huharakisha uozo. Kwa sababu hiyo watengenezaji huongeza kemikali ya kinga ya kuzimeza, lakini kemikali hiyo huisha. Kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, uozo huenda kasi mara mbili au zaidi. Wafaransa walijifunza kwa machungu: baruti iliyooza iliteketeza manowari zao Iéna mwaka 1907 na Liberté mwaka 1911, na mamia wakafa. Karibu nasi, ghala la Malhazine mjini Maputo lililipuka Machi 22, 2007, likaua zaidi ya watu 100. Joto kali lilitajwa miongoni mwa sababu, pamoja na uchakavu wa silaha.

Fundisho kwa wenye maghala liko wazi. Ghala la bati lisilo na matundu ya hewa huwa na joto kuliko nje, na kila kiangazi hula sehemu ya umri wa baruti. Kivuli, upitishaji hewa, kupima kemikali ya kinga kila baada ya muda, kuteketeza silaha zilizozeeka na kuweka maghala mbali na makazi ni gharama isiyokwepeka.

Kwa mkulima, mchungaji na mwokota vyuma chakavu, fundisho ni fupi. Chuma kilicholala juani huweza kupita nyuzi 50, na kutu haimaanishi kuwa kilichomo ndani kimekufa. Ukiona kitu kinachofanana na bomu, usikigonge, usikisogeze, usikitupe motoni, wala usichome shamba kikiwa humo. Weka alama kwa mbali, wazuie watoto, kisha mwarifu mwenyekiti wa kitongoji au polisi ili waite wataalamu wa jeshi. Kilo chache za chuma chakavu hazilingani na uhai wa mtu.