Kapenguria: Wajibu wa Kumtetea Anayeogopwa

Mawakili huulizwa mara nyingi: unawezaje kumtetea mtu anayetuhumiwa kumwaga damu? Kesi ya Kapenguria inalijibu swali hilo vizuri.

Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitangaza hali ya hatari na kumkamata Jomo Kenyatta. Walowezi wengi walikwisha kumhukumu mioyoni mwao kuwa ndiye kichwa cha Mau Mau, vuguvugu la siri lililopigana na ukoloni. Yeye, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Paul Ngei na Achieng Oneko walipelekwa kushtakiwa Kapenguria, mbali na Nairobi. Wakili kiongozi wa utetezi alikuwa D. N. Pritt, kutoka Uingereza.

Kenyatta hakushtakiwa kwa kuua mtu. Shtaka kuu lilikuwa kusimamia chama haramu, yaani Mau Mau, na mzigo wa kulithibitisha ulikuwa juu ya upande wa mashtaka. Hapo ndipo kazi ya wakili inapoanza. Si lazima akubaliane na siasa za mteja wake. Lazima adai ushahidi, kisha aupime neno kwa neno.

Shahidi muhimu, Rawson Macharia, alidai kwamba Machi 1950 alimwona Kenyatta akiwalisha watu kiapo cha Mau Mau. Mau Mau ilipigwa marufuku Agosti mwaka huo, miezi mitano baadaye. Utetezi ulileta mashahidi wa kumkanusha Macharia. Hata hivyo, katika hukumu yake Hakimu Ransley Thacker alikiri kwamba amewakataa mashahidi kumi wa utetezi na kumwamini huyo mmoja. Aprili 1953 washtakiwa wote walifungwa miaka saba na kazi ngumu. Oneko alishinda rufaa, lakini aliendelea kuwekwa kizuizini.

Mwaka 1958 Macharia aliapa kwa maandishi kwamba alikuwa amesema uongo, kwa kuahidiwa masomo Uingereza. Serikali ikamshtaki kwa madai kwamba hati hiyo ya kiapo ndiyo ya uongo, akafungwa.

Pritt alishindwa kesi, ila maswali yake yalibaki kwenye kumbukumbu za mahakama, na ndiyo yanayotuwezesha leo kuona udhaifu wa hukumu ile. Bila wakili shupavu, tungerithi neno la serikali peke yake. Kwa hiyo, kadiri mshtakiwa anavyochukiwa, ndivyo anavyohitaji utetezi imara zaidi: chuki huwafanya watu wakubali ushahidi ambao wasingeukubali dhidi ya ndugu yao.