Imbwa ameanza kuluma: unaita nani hapa Likasi?

Kwa parsele nyingi za Likasi, tangu Kikula mpaka Panda, mbwa ndiye sentineli wa kwanza. Mchana yuko kwa mnyororo, usiku anafunguliwa, na kwenye mlango mtu ameandika « Chien méchant ». Shida inaanza siku anapoluma mtoto wa nyumba, ao jirani aliyekuja tu kuomba chumvi. Watu wa avenyu wanasema: « Muue ule imbwa mbele aue mutoto. » Mwenye mbwa anatafuta fundi wa kumtuliza, lakini fundi wa namna hiyo hana bango mjini.

Marekani kuna waganga wa wanyama waliosomea hasa tabia, na chuo chao kipo tangu 1993. Lakini hata Uingereza, mtu yeyote anaweza kujiita mtaalamu wa tabia za mbwa bila sheria kumkataza. Jina tu halitoshi, huko wala huku.

Wa kwanza kuona ni muganga wa nyama, si mwalimu. Mbwa aliyekuwa mpole miaka mitano, kisha analuma akiguswa sikio, pengine ni sikio linamuuma. Na tabia ikigeuka ghafla, anatoka mate, anayumba, anaogopa bila sababu, fikiria kichaa cha mbwa. Aliyelumwa aoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, aende hospitali siku ileile. Asingojee dalili, maana zikishatokea karibu hakuna anayepona. Mbwa, kama inawezekana bila hatari, afungwe peke yake na kuangaliwa siku 10. Akiuawa na kuzikwa upesi, hakuna atakayejua alikuwa na nini.

Kesi ngumu inaweza kuhitaji safari ya Lubumbashi, kama kilomita 120, ambako Chuo Kikuu kina fakilte ya udaktari wa wanyama. Muganga aliyesoma anaweza kutenga ugonjwa na tabia. Mupelekee video ya simu, lakini mbwa asichokozwe ili apigwe picha!

Kisha mwalimu. Wengi wanaofundisha mbwa kwetu walijifunzia kwenye kampuni za ulinzi ao kwa polisi. Kazi yao ni ya kweli, ila kufundisha mbwa alume akiamriwa si sawa na kumtoa woga. Umuulize: mbwa akikosea, utamfanya nini? Akijibu fimbo, achana naye. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapa majibu ya wenye mbwa 140. Kati ya waliowahi kumpiga mbwa ngumi ao teke, 43 kwa mia walisema mbwa alijibu kwa ukali. Tena mbwa anayepigwa kila anaponguruma anaweza kuacha kunguruma, na siku nyingine analuma bila kukuonya.

Mwalimu mzuri anauliza sana: anakula nini, anafungwa saa ngapi, aliluma nani, nani alikuwa karibu. Anataka kuona parsele yenyewe, na anakufundisha wewe pia, kwa sababu yeye ataenda na wewe utabaki. Anayesema « siku tatu tu, nipe makuta yote sasa » ao anataka kumbeba mbwa usikoweza kuona, huyo hapana. Na wale wanaotia pilipili kwa bukari ili mbwa awe mkali? Wanamchoma tumbo tu.

Usiseme pia « alitoroka mwenyewe ». Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, kifungu cha 261, inasema mwenye mnyama ndiye anajibu kwa hasara aliyofanya, hata kama alipotea ao alitoroka.

Wakati unatafuta, mbwa awe nyuma ya uzio, apate maji na kivuli, na watoto wasimsogelee anapokula. Andika kila tukio: siku, saa, nani, mbele yake kulikuwa nini. Karatasi hiyo ndiyo utamupa muganga siku ya kwanza.